Ukuta Nilioubomoa Bukima

Watu wa Bukima wananiita Mjapani, na wapo ambao wakishalitamka jina hilo wanatema mate pembeni. Sijali. Diploma yangu ya ujenzi nimeitundika sebuleni kwangu Kabasa, Bunda, mkabala na mlango, ili anayeingia akutane nayo kabla ya kukutana na mimi. Hakuna aliyenilipia ada. Sikuwa na mjomba ofisini wala mkubwa wa kunishika mkono. Nilibeba sangara mgongoni kwenye mwalo wa Musoma alfajiri, nikaoga kwa ndoo moja, nikaingia darasani magamba ya samaki yakiwa bado yamenata nyuma ya masikio, na wenzangu wakasogeza viti. Waliosogeza viti leo wananipigia simu kuniomba kazi. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani anasikiliza mtu wa kubembeleza.

Japani nako sikupelekwa na mtu. Yalitangazwa mafunzo kwa mafundi wa ujenzi, tukafanya usaili, nikapita. Nikapangiwa kampuni iliyokuwa inajenga shule ya msingi katika mji mdogo wa milimani, mahali ambapo theluji inafika magotini. Nilikwenda nikijua kwamba najua shule ni nini. Shule ni mstatili: kuta nne, mlango mmoja, madirisha juu ili watoto wasichungulie nje, ubao mbele, basi. Niliyosoma mimi ilikuwa hivyo, na nyingine zote nilizowahi kuziona kutoka Butiama mpaka ziwani zilikuwa hivyo, kana kwamba zimefyatuliwa kwenye kalibu moja kama matofali.

Mbunifu wa shule ile alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani. Siku ya kwanza nilimkuta anatembea kwa magoti. Jengo lilikuwa bado mifupa tu, nguzo na sakafu, naye anapita chumba hadi chumba kwa magoti, futi mkononi. Anasimama, anageuza kichwa, anatazama juu, anaandika. Nikamuuliza kwa Kijapani changu cha kuungaunga kama magoti hayamuumi. Akasema yanauma, lakini mwenye jengo ni mfupi, na yeye anataka kuona anachokiona mwenye jengo. Mwenye jengo alikuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikaa pale mpaka jengo likaisha, kwa hiyo habari za shule nisisimuliwe na mtu. Madirisha yalishuka chini kiasi kwamba mtoto aliyekaa anaona nyasi na mdudu anayepita kwenye nyasi. Mabomba ya kunawia yalikuwa ya vimo viwili. Pembe zote za nguzo zilizoangukia usawa wa kichwa cha mtoto zilikuwa zimepigwa msasa mpaka zikawa duara. Mlangoni palikuwa na vishubaka vya viatu, kila mtoto na chake, na mifagio ilitundikwa chini, kwa sababu kule wanaofagia ni watoto wenyewe na mzee alisema mtoto asiombe mtu mzima amshushie ufagio. Palikuwa hata na kijichumba chini ya ngazi, dari yake fupi mno, mwalimu hawezi kuingia. Kilijengwa kwa ajili ya mtoto aliyegombana na wenzake akaona bora akae peke yake kidogo.

Lakini lililonikaa kichwani kuliko yote ni kwamba darasa lilikuwa na kuta tatu. Upande wa nne haukuwepo. Darasa lilifunguka moja kwa moja kwenye baraza pana, pana kama chumba, na baraza hilo lilikuwa sehemu ya darasa. Wengine wanasoma ndani, wengine wamelala kifudifudi barazani wanachora. Likija baridi, wanavuta milango ya mbao. Nilimwambia yule mzee kwetu tukijenga hivi tutaambiwa hela zimeliwa. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Niliporudi, shule yangu ya zamani pale Bukima ilikuwa inajenga chumba kipya cha darasa la awali. Watoto walikuwa wanasomea kwenye stoo ya zamani ya pamba, giza, dirisha moja lililoko juu ya kichwa cha mwalimu. Mwalimu wao, dada mmoja mpole, alikuwa anawatoa nje kuwafundisha a, e, i, o, u kwenye vumbi kwa sababu ndani hawakuona ubao. Nikajitolea kuchora ramani bure. Bure! Mtu mwenye elimu yangu. Mwalimu mkuu akafurahi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Aliyekunja uso ni mwenyekiti wa kitongoji chetu. Tulisoma naye darasa moja. Alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, kuanzia darasa la tatu mpaka la saba, na tangu hapo hajaenda popote. Siku nilipokwenda kupima kiwanja, nikaingia kwanza kwenye ile stoo na nikafanya kama nilivyofundishwa: nikapiga magoti, nikatembea nayo, nikatazama. Nilipoinua kichwa, mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na watu wake.

"Mjapani, umepoteza nini huko chini?"

"Natazama."

"Mtu mzima anatambaa! Kule ndivyo ulikuwaga unatambaa wanakulipa?"

"Walinilipa. Wewe kwa kusimama nani amekulipa?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa changu. Kufika jioni habari ilikuwa imefika sokoni kwamba Mjapani anatambaa kama mtoto anayetafuta ziwa la mama yake. Mama yangu aliisikia kisimani. Aliniambia tu nifue suruali, magoti yamechafuka.

Ramani yangu sikuinakili kama kasuku. Kule madarasa yanatazama kusini kulitafuta jua, huku jua ndilo adui, kwa hiyo niligeuza jengo, ubavu mfupi ukatazama ziwani ili upepo wa mvua usiingie. Nikachora kuta tatu za mawe. Upande wa mbele nikaweka nguzo, baraza pana, paa limeshuka chini kama kofia, na milango ya mbao ya kukunja ya kufunga shule ikiisha. Mbao niliahidi kuzitoa mwenyewe Bunda.

Kwenye mkutano wa kijiji waliuliza yote niliyotarajia. Mbuzi je? Wezi wa madawati je? Mtoto akiona bodaboda inapita atasikiliza nani? Nikawajibu moja baada ya jingine, nikawaonyesha picha. Mama mmoja akauliza kama watoto wa kule huwa hawaugui mafua. Mwalimu wa awali, ambaye huwa hasemi mikutanoni, akasimama akasema, "Mimi nataka mwanga tu. Hata mkiweka ukuta wa majani, nataka mwanga." Wakapitisha. Kwa shingo upande, lakini walipitisha, na mwenyekiti wa kitongoji alinyoosha mkono akiwa anatazama dari.

Sasa kuna jambo ambalo nilipaswa kulifikiria. Namshukuru Mungu sikulifikiria, kwa sababu ningelifikiria ningechora kama wengine. Kwetu shule haijengwi na mkandarasi. Inajengwa na vitongoji, na kazi inagawanywa kwa kuta. Kitongoji hiki ukuta wa mashariki, kile ukuta wa nyuma. Kila kitongoji kinaleta mawe yake kutoka mlimani, wanawake wanayabeba kichwani, wanaume wanapanga. Siku ya kufungua jengo, mwenyekiti wa kijiji anasimama na kutaja: ukuta huu wa fulani, ule wa fulani, na watu wanapiga vigelegele. Mtu akifa, kwenye mazishi yake wanataja na ukuta aliobebea mawe. Vitongoji vilikuwa vinne. Kuta zangu zilikuwa tatu.

Kura zilipopigwa, kitongoji chetu kikakosa.

"Nyie mtajenga hewa," wakaanza kutuimbia wa kitongoji cha jirani walipokutana na wanawake wetu njiani. "Ukuta wenu uko wapi? Ameubeba Mjapani kwenye begi?"

Nikasema kitongoji chetu kichukue nguzo. Wakasema nguzo si ukuta. Nikasema kichukue sakafu. Wakasema sakafu inakanyagwa. Wanawake wetu tayari walikuwa wameshusha mawe, lundo kubwa kuliko la kitongoji chochote, na lundo lile lilikaa kiwanjani kama mgeni aliyekosa kiti. Nikawaambia wayauze. Naona hilo ndilo neno walilolichukia kuliko yote.

Vitongoji vingine vikapandisha kuta zao, nguzo zikasimama, paa likaezekwa, nami nikaenda Musoma kwenye ofisi ya mhandisi ili ramani ipigwe mhuri. Yeyote aliyewahi kusubiri mhuri anajua nilikaa sana. Njoo kesho, bosi yuko semina, njoo kesho. Nililala kwa rafiki, nikala sato wa kukaanga pale chini karibu na maji, nikatembea na ramani yangu kwenye bomba la plastiki, watu wakinipisha. Hatimaye mhandisi mwenyewe akaiona. Akaitazama muda mrefu akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia. Akapiga mhuri kwa nguvu, akasema angependa kuja kuliona jengo likiisha. Nilirudi Bukima nikiwa nimenyooka kama nguzo ya umeme.

Ukuta wa nne ulikuwa umesimama.

Walikuwa wameujenga katikati ya nguzo zangu, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa changu, mawe mazuri yaliyopangwa kwa ustadi, saruji bado nyeusi kwa ubichi. Katikati waliacha mlango mmoja mwembamba. Juu kabisa, dirisha dogo. Nikaingia ndani. Ilikuwa saa nne asubuhi, na ndani mle sikuweza kusoma mhuri kwenye karatasi niliyoishika.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa nje, anakula muwa.

"Karibu, Mjapani. Na sisi tumepata wetu."

"Nani amekuruhusu?"

"Kwani hewa yako ilikuwa na mwenyewe?"

Nyundo kubwa ya mawe ilikuwa imeegemea palepale. Niliichukua. Nilianzia kwenye lile dirisha dogo la juu. Saruji ilikuwa haijakomaa, mawe yalianguka kirahisi, na kila jiwe lilipoanguka mwanga uliingia, na mimi nilizidi kupata nguvu. Watu wakajaa. Hakuna aliyenishika. Wanawake walisimama kwa mstari mikono kifuani. Nilipofika katikati, mama mmoja mkubwa, kiongozi wa jumuiya ya kanisa ya mtaani kwetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hilo la kwangu. Nililibeba nikiwa na homa."

Nikalipiga nalo likaanguka. Sijutii. Ramani ilikuwa na mhuri.

Kitongoji kilikaa kikao siku ileile, mimi sikuitwa. Kesho yake nikajua uamuzi kwa kuishi ndani yake. Nilikwenda dukani, muuzaji akaendelea kupanga sabuni. Nikasema, "Habari za asubuhi," akaziambia sabuni zake kwamba leo kuna jua. Nilikuwa nimetengwa. Anayejua kwetu anajua maana yake: husalimiwi, huuziwi, hupewi moto, mgonjwa wako habebwi, na ukifa unajichimbia mwenyewe. Nikacheka. Nina pikipiki, nina nyumba Kabasa yenye vigae na maji ya bomba, soko la Bunda linanijua. Nani anahitaji sabuni ya Bukima?

Ila kutengwa hakuchagui mtu mmoja ndani ya mji, yaani kaya. Kunachukua mji mzima, na mji ule ni wa mama yangu.

Mama ni mzaliwa wa upande wa Butiama, kwenye watu wa ng'ombe. Aliolewa ziwani akiwa msichana, akajifunza kuanika dagaa, akajifunza lugha ya huku, akamzika mume wake huku. Jumamosi ile ilikuwa zamu yake ya kupokea jumuiya. Alifagia uwanja tangu kupambazuka, akatandika mikeka, akatoa msalaba mezani na kitambaa cheupe, akachemsha chai sufuria nzima na kuchoma viazi. Kisha akavaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa. Tuliwasikia wakipita njiani. Tulisikia sauti ya yule mama mkubwa ikiongoza wimbo, ikaja, ikafika usawa wa miti yetu, ikapita, ikaenda kuimbia nyumba ya mbele. Mama hakugeuka. Alisali rozari nzima peke yake kwa sauti, akiitikia mwenyewe, kisha akaanza kukunja mikeka.

"Mama, twende Kabasa," nikamwambia. "Leo hii. Utakaa kama malkia."

"Nitakaa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe unajua kukaa na mtu?" Akaendelea kukunja. "Una cheti ukutani, mwanangu. Nimekiona. Mimi nina hawa. Wakininyima salamu, cheti chako kitanisalimu?"

"Wanajenga giza, mama! Watoto watasoma gizani!"

"Basi ungewaambia hivyo. Uliwaambia wauze mawe."

Akamwaga chai chini ya mgomba, akachukua sufuria akaenda kuiosha. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Lakini sikuweza kula vile viazi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sikuomba msamaha, na aliyesema niliomba ni mwongo. Nilisimama uwanjani kwake nikamuuliza anataka nini. Alikuwa anashona nyavu kivulini. Alinijibu akiitazama sindano, maana kanuni yao ilimkataza kunitazama.

"Kuna mtu alibomoa ukuta wa watu," akaiambia sindano. "Huyo mtu aujenge. Kwa mikono yake mwenyewe, bila kibarua. Na mawe yetu yote yarudi. Wanawake wanayajua. Hata moja likibaki nje, mambo yanabaki yalivyo."

"Mawe yote."

"Yote, kwenye mstari uleule. Huyo mtu amesikia."

Huyo mtu alisikia vizuri kuliko alivyodhani. Nilirudi kiwanjani nikalitazama lundo. Nikapiga magoti, mchana kweupe, watu wakipita, nikatembea kwa magoti kwenye mstari wa ukuta wao kutoka nguzo hadi nguzo. Nikainuka nikaanza kuchanganya saruji.

Nilijenga ukuta kwenye mstari uleule. Ila badala ya kupanda juu, niliupeleka pembeni. Jiwe kando ya jiwe, upana wa mtu mzima aliyelala chali, kimo cha goti la mtoto. Mawe makubwa nikayaweka kingo, madogo nikayashindilia katikati, juu nikalainisha, pembe nikazizungusha. Mgongo ulikatika. Mikono ikatoka malengelenge kama nilivyokuwa mwaloni. Wanawake walikuja kila siku wakakaa kwenye kivuli cha baraza langu wakachambua dagaa, hawasemi na mimi, lakini wanaangalia kila jiwe linakokwenda. Mara moja niliacha jiwe moja bovu kando, mmoja akakohoa. Nikalichukua nikaliingiza.

Nilipopiga mwiko wa mwisho, mwenyekiti akaja. Akasahau kanuni yake akanitazama usoni.

"Huu ni ukuta gani? Hiki ni kiti!"

"Mawe yako yote yamo, kwenye mstari uleule, kwa mikono yangu. Ulitaja urefu?"

"Unatuchezea! Unabomoa tena! Huyu hajatubu, mama zangu, mnamwona, huyu anatucheka."

Na kweli nilikuwa namcheka. Lakini hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anaongea na yule mama mkubwa, na mama mkubwa alikuwa ameanza kutembea kando ya ukuta, anainama, anagusa. Alitembea mpaka mwisho akarudi. Karibu na nguzo ya tatu akasimama, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Langu hili hapa," akasema.

"Mama, lakini si ukuta," akasema mwenyekiti.

"Mawe yamo?"

"Yamo, lakini..."

"Limebaki nje?"

Mwenyekiti akazunguka kiwanja chote akitafuta. Alitafuta mpaka chini ya mchanga. Hakulipata.

"Wale wenzetu, ukuta wao una upana gani?" mama mkubwa akawauliza wanawake. Mmoja akaonyesha kwa mkono, shubiri chache. Wakautazama wetu. Mmoja akaanza kucheka, wa pili akadakia, "Wetu hata ng'ombe anageuka juu yake!" Ndipo mama mkubwa akakaa juu ya ukuta, taratibu, akanyoosha miguu, akaomba aletewe dagaa zake amalizie palepale. Mwenyekiti alisema kwamba kikao hakijaamua. Akajibiwa kwamba kikao kimekaa, haoni?

Jumamosi iliyofuata walikuja kwa mama. Waliimba kuanzia kwenye miti mpaka uwanjani, wakamkumbatia, wakala viazi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Walinipita kama wanavyopita mtungi. Hawakuniuzia neno na mimi sikununua. Mama alinipa kikombe cha chai mbele yao wote, hicho kilitosha.

Siku ya kufungua, mhandisi alikuja kutoka Musoma kama alivyoahidi. Mwenyekiti wa kijiji akataja kuta. Alipofika kwenye ule wa mbele, wanawake wetu walipiga vigelegele mpaka wa kitongoji cha jirani wakainamisha vichwa. Aliyechora hakutajwa. Mhandisi akauliza nani aliyebuni wazo la ukuta mfupi, na mwenyekiti wa kitongoji chetu, mbele yangu, bila aibu, akasema, "Ni sisi wananchi."

Nilimsogelea nikasimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Hakunisalimu. Sikumsalimu. Mpaka leo hatusalimiani, tukikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia shambani. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni, maneno ambayo angeyakumbuka mpaka kaburini. Lakini mwalimu wa awali alikuwa ameanza kipindi, na watoto waliokosa nafasi kwenye mkeka walikuwa wamepanda juu ya ukuta, wamekaa mstari mzima mbele yetu, migongo kwetu, wanasoma ubao kwa sauti. Kelele yao ilikuwa kubwa mno, nisingesikika.